Kura Ile Iliuliza Nini? Mwongozo wa kuhakiki madai ya mwanasiasa kuhusu kura ya vita

Usiku wa tarehe 31 Julai 2019, mjini Detroit, Joe Biden alikuwa jukwaani pamoja na wenzake waliokuwa wakiwania kuteuliwa na chama cha Democratic kugombea urais wa Marekani. Suala la Iraq lilipoibuka, alisema kwamba tangu mashambulizi ya kwanza yalipoanza yeye alikuwa anavipinga vita vile, tena kwa sauti. Mwezi Septemba akarudia redioni, safari hii kwa uwazi zaidi: vita vilipoanza tu, papo hapo, alijitokeza kuvipinga.

Rudi nyuma miaka 16 kamili. Tarehe 31 Julai 2003, vita vikiwa na umri wa miezi minne, Biden huyohuyo, wakati huo akiwa seneta, alihutubia katika taasisi ya Brookings mjini Washington. Aliilaumu serikali ya George W. Bush kwa jinsi ilivyokuwa ikiendesha mambo Iraq baada ya kuiteka, lakini kuhusu kura aliyoipiga mwaka uliotangulia, ya kuidhinisha matumizi ya nguvu, alisema bayana kwamba angeipiga tena vilevile.

Hotuba hiyo haikuwa siri. Mtu mwenye simu, bando na subira ya jioni moja angeweza kuifikia na kuilinganisha na maneno ya Detroit. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu huyo. Kura ya kijeshi ni nzito kuliko nyingine zote bungeni, kwa kuwa wanaoilipia si wale walioipiga, na kila miaka inavyokwenda ndivyo inavyosimuliwa kwa namna nyingine. Pengine umetumiwa kipande cha video kwenye kundi la familia. Pengine unaishi Marekani, umejiandikisha kupiga kura huko, na mgombea anakuambia alikuwa upande upi zamani. Nitaishika kura ya Iraq ya mwaka 2002 kama mfano, kwa sababu iligusa karibu kila mwanasiasa mkubwa wa Marekani wa kizazi kile na kumbukumbu zake ziko wazi kwa kila mtu.

Andika dai lenyewe kwanza

Kabla hujafungua tovuti yoyote, chukua karatasi uandike dai kwa maneno yaleyale yaliyotoka kinywani mwake. Kichwa cha habari hakitoshi, wala muhtasari wa aliyekutumia. Sikiliza mara mbili, mara tatu. Kama kipande kimekatwa, tafuta mahojiano kamili, maana jibu lililong'olewa kwenye swali lake laweza kubeba maana yoyote. Kisha piga mstari chini ya vitenzi na chini ya maneno ya wakati.

Ukilifanyia hivyo dai la Biden la 2019, utagundua kwamba hakusema alipiga kura ya hapana. Katika mahojiano ya Septemba aliieleza kura yake, akasema Bush alimhakikishia kuwa anaihitaji ili wakaguzi wa silaha waingie Iraq. Anachodai ni mambo mawili: kwamba alivipinga vita, na kwamba alianza kuvipinga siku vilipoanza. Aliyesikiliza juujuu atakimbilia orodha ya kura, atakuta jina la Biden upande wa ndiyo, na atatangaza kwamba amemnasa. Kumbe amemnasa kwa neno ambalo hakulisema, na jambo la kuhakikiwa kweli bado liko palepale halijaguswa.

Sisi tunaosoma siasa za Marekani kwa Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada. Vitenzi vitatu huchanganywa kila siku katika tafsiri zetu: kutangaza vita, kuidhinisha matumizi ya nguvu za kijeshi, na kuamuru mashambulizi. Bunge la Marekani halijatangaza vita rasmi tangu Juni 1942, lilipotangaza dhidi ya Bulgaria, Hungaria na Romania. Korea, Vietnam, Afghanistan, Iraq, vyote vilipiganwa bila tangazo la namna hiyo. Kilichopigiwa kura mwaka 2002 ni idhini, yaani ruhusa aliyopewa Rais. Aliyeamuru ni Bush, Machi 2003. Basi ukiletewa habari kwamba seneta fulani "alitangaza vita dhidi ya Iraq", imeshakosea kabla hata hujalitafuta jina lake. Na ukiandika wewe, andika "aliidhinisha". Ni neno refu kidogo, lakini ndilo lililotokea.

Iraq ilipigiwa kura zaidi ya mara moja

Mwanasiasa akisema "nilipinga vita vya Iraq", swali la kwanza ni vita vipi na kura ipi. Tarehe 12 Januari 1991 Bunge lilimruhusu Bush mkubwa, yaani George H. W. Bush, kutumia jeshi kuiondoa Iraq kutoka Kuwait. Seneti ilipitisha kwa kura 52 dhidi ya 47, Baraza la Wawakilishi kwa 250 dhidi ya 183. Biden alikuwa miongoni mwa waliokataa. Seneta mwenzake John Kerry naye alikataa. Mwaka 2002 wote wawili walikubali. Kwa hiyo mtetezi wao anaweza kusema "walipiga kura kupinga vita dhidi ya Iraq", mshambuliaji wao akasema "walipigia kura vita dhidi ya Iraq", na kila mmoja akawa na karatasi ya kweli mkononi. Mwaka ndio unaoamua, na mwaka ndio unaoachwa mara nyingi.

Katikati ya hizo kuna kura ya 14 Septemba 2001, siku tatu baada ya mashambulizi ya New York na Washington. Seneti ilipitisha kwa 98 kwa 0, Baraza la Wawakilishi kwa 420 dhidi ya 1. Yule mmoja alikuwa Barbara Lee wa California. Wapo wanaosema Bernie Sanders hakuwahi kuidhinisha vita baada ya mashambulizi yale. Sanders, wakati huo akiwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, alikataa idhini ya Iraq ya 2002, lakini hii ya 2001 aliikubali kama wenzake.

Hiyo ya 2001 inatuhusu sisi wa pwani hii kuliko wengi wanavyojua, na naomba uniruhusu nikae hapo kidogo. Al-Qaeda, kundi lililofanya mashambulizi hayo, lilikuwa limekwisha kuua watu Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998. Azimio la 2001 halitaji nchi hata moja: linawalenga waliopanga, walioidhinisha, waliotekeleza au waliosaidia mashambulizi ya Septemba, pamoja na waliowahifadhi. Miaka ikapita, na serikali za Marekani zikalitegemea azimio hilohilo kulishambulia kundi la al-Shabaab nchini Somalia, kwa hoja kwamba ni mshirika wa al-Qaeda. Al-Shabaab nao wakaishambulia kambi ya Manda Bay, Lamu, tarehe 5 Januari 2020, wakaua Wamarekani watatu. Sasa mtu akikuambia kwamba seneta fulani "alipigia kura vita vya Somalia mwaka 2001", utasemaje? Maandishi ya azimio hayaitaji Somalia. Kauli inayosimama ni kwamba alipigia kura idhini ambayo marais waliofuata waliitumia Somalia. Kuna tofauti kati ya kumpa mtu ufunguo na kuingia naye nyumbani kwa watu, ingawa aliyetoa ufunguo naye ana la kujibu.

Kura ya 2002 yenyewe ni hii. Baraza la Wawakilishi lilipiga tarehe 10 Oktoba: 296 ndiyo, 133 hapana. Seneti ikafuata usiku huohuo: 77 ndiyo, 23 hapana. Bush akatia saini tarehe 16 Oktoba. Wengi hudhani ulikuwa mgawanyiko safi wa vyama. Katika Seneti, Democrats 29 walikubali na 21 walikataa. Republican aliyekataa alikuwa mmoja tu, Lincoln Chafee wa Rhode Island, na Jim Jeffords wa Vermont, asiye na chama, naye alikataa. Katika Baraza la Wawakilishi, Democrats waliokataa, 126, walikuwa wengi kuliko waliokubali, 81. Mgombea akidai kwamba "chama chetu kizima kilipinga", hesabu hizo zinamjibu. Akidai kwamba "kila mtu alikubali", zinamjibu pia.

Chunga tarehe. Seneti ilipiga kura baada ya saa sita usiku, hivyo rekodi yake inasoma 11 Oktoba, wakati magazeti mengi yanazungumzia Alhamisi tarehe 10. Hali kadhalika mwanzo wa vita: mabomu yalianguka alfajiri ya 20 Machi 2003 kwa saa za Baghdad, ambazo wakati huo zilikuwa sawa na za Dar es Salaam na Nairobi, ilhali Washington ilikuwa bado usiku wa tarehe 19. Mtu aliyeandika 19 na aliyeandika 20 wanaweza kuwa sahihi wote. Usimhukumu mtu kwa tofauti ya saa za dunia.

Kura zenyewe utazipata kwenye tovuti rasmi ya Seneti na kwenye tovuti ya Karani wa Baraza la Wawakilishi. Kila kura ya majina ina namba yake: hii ya Iraq ni namba 237 katika Seneti na 455 katika Baraza la Wawakilishi, kwa mwaka ule wa 2002. Namba huanza upya kila mwaka, kwa hiyo namba bila mwaka haikufikishi popote. Maandishi ya azimio na mijadala yake yamo kwenye congress.gov. Fungua huko kabla ya kusoma uchambuzi wa mtu yeyote, pamoja na huu wangu.

Soma swali kabla ya jibu

Sehemu hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kwangu ndiyo kazi yenyewe. Kura ni jibu: ndiyo au hapana. Jibu halina maana mpaka ujue swali lilikuwa nini, na swali limeandikwa. Katika azimio la 2002, fungua kifungu cha 3. Kinampa Rais ruhusa ya kutumia majeshi kadiri atakavyoona yeye ni lazima na inafaa, kwa makusudi mawili: kulinda usalama wa Marekani dhidi ya tishio linaloendelea la Iraq, na kutekeleza maazimio husika ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Maneno ya kushika ni hayo ya "atakavyoona yeye". Rais alitakiwa kulijulisha Bunge, kabla ya kutumia nguvu au ndani ya saa 48 baada yake, kwamba diplomasia peke yake haitoshi. Hakutakiwa kurudi kuomba ruhusa nyingine.

Kwa maandishi hayo mkononi, pima dai lililorudiwa na maseneta wengi, Biden na Hillary Clinton miongoni mwao: kwamba kura yao ilikusudia kumpa Rais nguvu za kuwarudisha wakaguzi, si kuanzisha vita. Je, ni kweli?

Kuna kinachowaunga mkono. Kifungu cha 2 cha azimio kinaunga mkono juhudi za Rais kupitia Umoja wa Mataifa. Tarehe 8 Novemba 2002 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1441 kwa kura 15 kwa 0, na mwishoni mwa mwezi huo wakaguzi wakaanza tena kazi Iraq. Biden mwenyewe, akizungumza katika Seneti tarehe 10 Oktoba, alisema haoni kwamba huko ni kukimbilia vita, bali ni mwendo wa kuelekea amani na usalama. Hayo hakuyatunga mwaka 2019. Aliyasema siku ya kura, na uungwana unataka yahesabiwe.

Kuna pia kinachowabana. Jina la azimio lenyewe linataja idhini ya kutumia nguvu za kijeshi dhidi ya Iraq. Halihitaji kusomwa mara mbili. Na kifungu cha 3 hakimlazimishi Rais kusubiri wakaguzi wamalize wala Umoja wa Mataifa ukubali. Kwa hiyo kuhusu nia yao, siku ya kura walisema hivyo kweli. Kuhusu karatasi waliyoipitisha, iliruhusu vita bila kurudi kwao. Mhakiki mzuri huyaandika yote mawili na hakubali moja limfiche mwenzake.

Kura za kabla ya kura

Hapa ndipo unapoupata ushahidi ambao watu wengi hawajui kwamba upo. Kabla ya kura ya mwisho, Seneti ilipigia kura mapendekezo ya kulibadilisha azimio. Carl Levin wa Michigan alipendekeza ruhusa ifungwe kwenye uamuzi wa Umoja wa Mataifa, na Rais arudi Bungeni kama akitaka kwenda peke yake. Lilishindwa kwa 24 dhidi ya 75. Robert Byrd wa West Virginia alipendekeza ruhusa iwekewe ukomo wa muda. Nalo likashindwa, 31 dhidi ya 66.

Mtazame Hillary Clinton katika hizo mbili. La Levin alilikataa, la Byrd alilikubali. Alipogombea mwaka 2008, aliitaja kura ya Byrd kama uthibitisho kwamba alitaka kumwekea Rais mipaka. Ni kweli, aliipiga. Wapinzani wake walitaja ya Levin: kama nia ilikuwa wakaguzi na Umoja wa Mataifa tu, mbona alikataa sharti la Umoja wa Mataifa? Nalo ni kweli. Mtu anayekuletea moja bila nyingine amekupa nusu ya mkate, na kazi yako ni kuitafuta nusu ya pili hata kama mgombea huyo ni wako.

Kumbuka vilevile kwamba vitu vingine havikufika kwenye kura kabisa. Biden, akiwa mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje, aliandaa pamoja na Richard Lugar wa Republican azimio jembamba zaidi, lililolenga kuinyang'anya Iraq silaha. Mapatano kati ya Bush na viongozi wa Baraza la Wawakilishi mwanzoni mwa Oktoba yaliliua kabla halijapigiwa kura. Ukitafuta jambo hilo kwenye orodha za kura hutaliona, na utadhani halikuwapo.

Sasa mtego wa lugha ambao nawaomba wasomaji wa Tanzania na Kenya wautie alama. Katika mabunge yetu, hati "kuwekwa mezani" ni kuwasilishwa ili ishughulikiwe. Katika Seneti ya Marekani, kuliweka pendekezo mezani ni kulizika. Kitenzi kimoja, maana zinapishana kama mchana na usiku. Na kwa kuwa kinachopigiwa kura hapo ni hoja ya kulizika pendekezo, anayelitaka pendekezo hupiga hapana.

Ukielewa hilo ndipo utakapoielewa kauli iliyomwandama John Kerry mwaka 2004. Akiwa mgombea urais, mwezi Machi, katika Chuo Kikuu cha Marshall huko West Virginia, aliulizwa kwa nini alikataa kura ya dola bilioni 87 kwa ajili ya Iraq na Afghanistan. Akajibu kwamba aliipigia kura ya kukubali kabla hajaipigia ya kukataa. Kampeni ya Bush ikaidaka kauli hiyo na kuitia kwenye matangazo yake ya televisheni, na hadi leo inatajwa kama mfano wa kigeugeu.

Ihakiki hatua kwa hatua. Kerry na Biden walikuwa wamependekeza fedha hizo zipatikane kwa kuwaondolea matajiri punguzo la kodi walilokuwa wamepewa. Tarehe 2 Oktoba 2003 Seneti ililiweka pendekezo hilo mezani kwa 57 dhidi ya 42. Tarehe 17 Oktoba muswada ukapita kwa 87 dhidi ya 12 bila sharti hilo, na Kerry akawa kati ya wale 12. Angalia namba zinavyoweza kukuteleza: dola bilioni 87, kura 87. Kwa hiyo kauli yake, kwa kadiri ya rekodi, ina ukweli: alitaka fedha zitoke kwa njia moja, akakataa zilipotoka kwa njia nyingine. Lakini "niliipigia kura" haikuwa sahihi kikamilifu, kwa kuwa alichokikubali ni pendekezo la kuubadilisha muswada, na muswada wenyewe, ulipofika kwenye kura ya mwisho, aliukataa. Mimi ningeiandika hivi: kweli, imesemwa vibaya. Kumwita mwongo kwa kauli ile ni kumwonea.

Fedha hizohizo zilipitishwa kwa mara ya mwisho tarehe 3 Novemba 2003 kwa kura ya sauti, maseneta wachache wakiwa ukumbini. Aliyewahi kusikiliza Bunge letu analijua jambo hili: Spika huwauliza wanaoafiki na wasioafiki, sauti zinasikika, kisha taarifa rasmi inaandika kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Majina hayapo. Mwanasiasa akidai alikubali au alikataa katika kura ya sauti, orodha haiwezi kumthibitisha wala kumkanusha. Hapo utategemea mjadala ulioandikwa, barua zake, magazeti ya wiki ile. Ukikosa vyote, andika kwamba dai halithibitiki, usilazimishe hukumu.

Kura za kila mtu na kura za ambao hawakuwapo

Tarehe 20 Machi 2003, vita vikiwa vimeanza, Seneti ilipitisha kwa 99 kwa 0 azimio la kuwapongeza wanajeshi na kumuunga mkono Rais kama Amiri Jeshi Mkuu. Utaona watu wakiitumia kura hii kuthibitisha kwamba seneta fulani "aliunga mkono vita". Usiitumie. Waliokuwa wamekataa idhini mwezi Oktoba nao waliipigia, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana amewapa kisogo vijana walioko vitani. Kura ambayo haikumtenga yeyote haikuambii lolote kuhusu mmoja.

Wengine hawakuwa na kura kabisa. Barack Obama alihutubia mkutano wa kupinga vita Chicago tarehe 2 Oktoba 2002, akavipinga waziwazi. Lakini wakati huo alikuwa seneta wa jimbo la Illinois. Seneti ya Marekani alichaguliwa kuingia Novemba 2004. Anayesema Obama "alipiga kura kupinga vita vya Iraq" amekosea, ingawa msimamo anaoutaja ni wa kweli. Donald Trump alikuwa mfanyabiashara. Alipodai mwaka 2016 kwamba alivipinga vita tangu mwanzo, cha kuhakiki kilikuwa maneno yake tu, na mahojiano ya redio ya 11 Septemba 2002 na Howard Stern yanamwonyesha, alipoulizwa kama anaunga mkono kuivamia Iraq, akijibu kwa kusitasita kwamba anadhani ndiyo. Kwa mtu wa namna hii tafuta kilichorekodiwa kabla ya Machi 2003. Aliyoyasema baada ya mambo kuharibika hayathibitishi alichokiamini kabla.

Andika hukumu

Turudi kwa Biden. Weka tarehe zake kwenye mstari mmoja: Oktoba 2002 anakubali idhini na kuitetea, Julai 2003 anaukosoa uendeshaji lakini anasema angepiga vilevile, Novemba 2005, katika kipindi cha televisheni cha Meet the Press, anasema kura ile ilikuwa kosa, 2019 anasema alipinga tangu siku ya kwanza. Ukiupanga mstari huo, dai linajihukumu lenyewe. Lakini chunga maneno yako. Kukosoa namna vita vinavyoendeshwa ni tofauti na kuvipinga, na kujutia kura ni tofauti na vyote viwili. Mtu anaweza kufanya moja bila nyingine.

Na jiepushe na neno "uongo". Uongo unahitaji ujue moyo wa mtu, na wewe unayo karatasi tu. Miaka 16 inatosha mtu kuikumbuka ghadhabu yake ya baadaye kana kwamba alikuwa nayo tangu awali. Kiswahili kinakupa maneno ya kutosha: si kweli, si sahihi, ni kweli kwa sehemu, ni kweli lakini inapotosha, halithibitiki. Chagua moja, na chini yake weka sababu katika sentensi tatu au nne ambazo shangazi yako ataelewa bila kukupigia simu. Mimi ningeandika hivi:

"Si kweli kwamba Biden alivipinga vita vya Iraq tangu siku vilipoanza. Aliidhinisha matumizi ya nguvu Oktoba 2002, akisema lengo ni amani. Aliukosoa uendeshaji wa vita mapema, lakini Julai 2003 alisema angepiga kura vilevile. Kura hiyo aliiita kosa Novemba 2005."

Kabla hujatuma, mpe mtu anayempenda mwanasiasa huyo akusomee. Atakuonyesha ulichokiacha kwa haraka kuliko rafiki anayekubaliana nawe. Weka na kiungo cha kura yenyewe, namba na mwaka, ili asiyekuamini akafungue mwenyewe. Ambatanisha kipande kamili cha maneno yake, si sekunde sita zilizokatwa.

Kisha usiifunge faili. Baada ya mahojiano yale ya Septemba 2019, upande wa kampeni ya Biden ulikiri kwamba alikosea kusema. Jambo kama hilo likitokea, rudi kwenye kundi lilelile ulikotuma uhakiki wako, uandike chini yake tarehe na walichokiri, kwa herufi zilezile ulizotumia kuandika kosa.